Uso Wako Kwenye Chupa ya Haji

Zuwena, mke wangu wa utani,

Usidhani nakuandikia kwa hamu. Nakuandikia kwa hasira, na nusu ya hasira yenyewe ni yako, kwa sababu umekufa wakati mbaya. Ungengoja kidogo tu ukamtandika kofi yule mtoto wa kaka yako, mimi nisingekuwa nimekaa hapa kibandani baina ya mipira ya baiskeli, nahangaika na kalamu. Ulikuwa ukisema herufi zangu zinatembea kama kuku aliyepigwa jua. Basi zisome hivyo hivyo. Najua huko uliko huna kazi, na panya hawapo.

Habari ya kwanza: uko Darajani. Umepangwa dukani kwa Haji, juu ya rafu, baina ya mafuta ya nywele na udi. Chupa za kahawia, na kila chupa ina uso wako. Chini ya uso pameandikwa kwa herufi kubwa: IMETHIBITISHWA MAABARA. HUUA SELI ZA SARATANI. Chini zaidi, kwa herufi za kutafutia miwani: kazi ya marehemu Dokta Zuwena. Wewe uliyekuwa ukigombana hata na mpiga picha wa kitambulisho, leo unatazamana na kila anayekuja kununua sabuni. Na hata arubaini yako ilikuwa haijafika.

Ndani ya chupa mna yale majani machungu ambayo bibi zetu walikuwa wakichemshia watoto wenye minyoo, yale uliyokuwa ukiyafuata pande za Kizimbani na kurudi nayo kwenye kikapu kama muuza mchicha. Haji kayachemsha, katia asali, katia na jina lako.

Nikamwendea. Nikamwambia, "Haji, shangazi yako hakusema hivi."

Akanijibu kwa adabu zote, mtoto yule ana adabu ya kukuudhi. "Ami Sule, shangazi aliyatia yale majani kwenye seli za saratani, hakuyatia?"

"Aliyatia."

"Seli zikafa, hazikufa?"

"Zilikufa."

"Sasa uongo uko wapi?"

Zuwena, niliigeuza ile chupa nikaisoma tena. Kila neno la kweli, na yote kwa pamoja ni uongo, na mimi sikuwa na pa kuushika. Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha. Wewe ungemjibu kwa jicho tu.

Maana wewe ulinionyesha. Unakumbuka uliponiita maabara, milango ya vizimba vya panya ilipokatika, na vipya mmeviombea kwa barua mpaka mmechoka? Nikaja na spoku zangu za baiskeli, nikazipinda, nikatengeneza makomeo ambayo panya wako hawakuyaweza. Nikawapa na majina. Ulinikataza, ukasema panya wa kazi hapewi jina, lakini yule mnene asiye na shingo nilimwita jina la yule mposaji wako wa Malindi, na ulicheka mpaka ukaegemea ukuta.

Siku ile ndiyo uliponiinamisha kwenye darubini. Nikaona vitu kama mayai ya samaki, vimebanana. Ukasema, hizi ni seli za saratani, zinaishi ndani ya kisahani. Ukanionyesha kisahani cha pili, zilizotiwa majani. Zimenywea, zimekufa zote. Mimi nikapiga makofi. Nikasema basi tumepona, tuchemshe sufuria.

Ukanitazama vile unavyonitazama. Ukaniwekea kisahani cha tatu. "Na hizi ni seli nzima, za ini la mtu asiyeumwa. Nazo nimezitia majani."

Zimekufa vile vile.

"Kisahani hakina ini, Sule," ukasema. "Hakina figo, hakina damu inayozunguka, hakina mume wa kumuudhi. Kuua kitu ndani ya kisahani si kazi. Hata siki inaua. Hata sabuni ya kufulia."

Halafu ikaja zamu ya panya, wale uliowapandikiza uvimbe wa saratani. Waliopewa majani kidogo, uvimbe wao haukujali. Waliopewa mengi, wale weupe, masikio yaligeuka manjano kwanza, halafu wakaacha kula, halafu wakafa kabla ya uvimbe wenyewe. Ulipowapasua ukakuta maini yameharibika. Nilidhani utalia. Ulikuja kibandani kwangu, ukanunua vitumbua vya jirani, ukasema, "Nimepata jibu. Jibu ni hapana."

Nikakudhihaki. Nikasema kazi yote ile, panya wote wale, kwa ajili ya hapana?

Ukasema, kinywa kimejaa, "Kuna mtu hatokunywa kwa sababu yangu. Huyo hatonijua, na mimi simjui. Inatosha."

Sasa wanakunywa kwa sababu yako, Zuwena. Ndiyo maana nna hasira.

Siku ya khitma ya arubaini, Haji aliweka meza pale mlangoni, penye viatu, ili kila anayeinama kuvaa ndara akuone kwanza. Watu wametoka kukusomea Kurani, wanapapasa mifuko. Nikaona hapana. Siku ya maziko yako nilinyamaza, mtani mzima nimekaa kama mkwe, watu wakashangaa. Mtoto wa mjomba wako nina haki yangu ya utani, na sikuitumia. Nikaitumia siku ile.

Nilichukua visahani viwili vya chai. Sisimizi walikuwa wameshaizunguka sinia ya halua, nikawakung'utia humo. Kimoja nikamimina dawa ya Haji. Cha pili nikamimina maji ya sabuni waliyooshea masufuria ya pilau. Nikapaza sauti, "Jamani, njooni muone utafiti." Wakaja. Sisimizi wakafa, huku na huku. Nikasema, "Imethibitishwa. Zote mbili zinaua. Sasa nani anataka dawa, na nani anataka maji ya masufuria?"

Watu walicheka, wallahi. Hata maalimu aligeuza uso akajifuta mdomo.

Haji akasema, "Ami, umewazamisha tu. Hata maji matupu yangewaua."

Nikamwambia, "Ndiyo hayo hayo nnayokwambia tangu juzi."

Nikadhani nimeshinda. Lakini watu wakishacheka wanaona wameshalipa. Walifuta machozi, wakavaa ndara zao, wakanunua. Na kesho yake alikuja mwanamke mmoja mtu mzima hapa kibandani, kajifunika vizuri, akaniuliza kwa sauti ya chini yale maji ya masufuria nauzaje. Sikutanii. Nilifunga kibanda nikaenda kulala mchana.

Ningekaa nikamtukana Haji mpaka nikuone huko, ingekuwa basi. Lakini kuna Asya.

Mdogo wangu Asya, unamjua, yuko pale pale Ng'ambo na cherehani yake, anashona magauni ya maharusi na kumsema kila anayepita. Wewe ulikuwa huna siku nyingi kaburini alipopapasa uvimbe kwenye ziwa. Hospitali walimtoa kipande kidogo cha nyama wakakipima, wakamwambia ni saratani, ni ndogo, inakatika, wakampa siku. Siku ikafika, Asya hakwenda. Nilipomuuliza alikuwa anapima kola. Akanyanyua chupa kutoka chini ya cherehani.

"Ntakatwa vipi, na dawa ya Zuwena ipo?"

Nikasema yote. Visahani, siki, panya. Nikasema mpaka mate yakanikauka.

Akasema, "Kaka, Zuwena alikuwa na elimu. Wewe una spoku. Yeye asingetia uso wake kwenye uongo."

Hilo ndilo lililonishinda. Hanywi majani, anakunywa wewe. Kijiko asubuhi na kijiko jioni. Na Ijumaa moja, katoka kuswali, kakaa mlangoni penye mwanga, nikamwona macho. Manjano, Zuwena. Manjano yale yale ya masikio ya panya wako.

Sasa hapa nisikilize vizuri, usinikatize kama kawaida yako. Nimekutangaza.

Ulinifunga mdomo ndani ya boti, tunakwenda Dar. Wewe umewaambia wote unakwenda semina. Mimi nimewaambia nafuata mipira ya baiskeli kwa bei ya jumla. Ulikaa umekumbatia mkoba, ukasema, "Sule, mdomo wako unajulikana mji mzima. Hili likitoka, ntajua limetoka wapi." Nikakuapia. Wakakukata, wakakuondoa ziwa la kushoto lote. Nikakaa nje ya mlango na mkoba wako mapajani, wauguzi wakiniita mume wako, na mimi kwa mara ya kwanza sikufanya mzaha. Tukarudi. Nimerudi bila mpira hata mmoja, Asya akanicheka mwaka mzima kwamba watu wa Dar wamenitapeli, na mimi nikakubali kuwa nimetapeliwa. Nimekutania kwa kila kitu: pua yako, mapishi yako, wachumba wako, panya wako. Hilo sikuligusa. Ukaishi miaka mingi baada yake, ukaondoka kwa presha ya damu.

Na ndani ya boti ile nilikuuliza, kwa sababu mimi ni bwege, "Na yale majani yako? Si yamo kwenye friji ya maabara?"

Ukanijibu bila kunitazama, "Yale niliwapa panya ili nisije nikayanywa mimi."

Basi nilimpokonya Asya chupa mkononi, nikaiweka juu ya cherehani, uso wako juu. Nikamwambia, "Picha hii ni ya wapi?"

"Harusi ya Haji. Kakata watu wengine wote."

"Mtandio ameuvuta upande gani?"

Akatazama. Wewe mwenyewe unaijua picha ile. Umeuburuta mtandio wote upande wa kushoto, umeushika kwa mkono, na wote tulisema Zuwena leo ana mbwembwe. Nikamwambia Asya kilichokuwa chini yake. Yaani kilichokuwa hakipo. Nikamwambia semina ilikuwa wapi. Nikamwambia, "Dawa hii aliijua yeye kuliko mtu yeyote, na ugonjwa huu ulimkuta yeye mwenyewe. Alikwenda kukatwa. Hakunywa tone."

Nilitegemea aseme mimi ni mwongo. Hakusema. Aliweka kidole gumba juu ya mtandio wako akakaa nacho pale. Halafu akasema, "Kumbe ndiyo maana alinihama."

Unajua alikuwa amekununia? Miaka yote ile, tangu semina, hukumpelekea tena hata blauzi. Akidhani umepata fundi bora. Akakusema kwa kila mteja, kwamba usomi umekupanda kichwani, huvai tena mshono wa Ng'ambo. Alilia, na hakulia kwa ugonjwa wake. Alisema, "Ningemshonea. Ningemtilia pamba upande mmoja, ningemkatia vizuri, na hakuna mtu angejua. Hata mimi mwenyewe ningejisahaulisha."

Hapo na wewe nakulaumu, Zuwena, samahani. Ulijua kuficha kuliko ulivyojua kupika.

Hospitali nilimpeleka kesho yake. Daktari kijana akamuuliza mama umekuwa ukinywa dawa gani za nje. Asya akatazama dirishani. Mimi nikakutoa mfukoni nikakuweka mezani. Akaigeuza chupa, akasoma, akaiweka chini polepole kwa ncha za vidole. Hakutugombeza. Akasema iachwe leo leo, ini lipumzike, wampime tena, halafu wamkate, na kwamba tumechelewa lakini bado tuna nafasi. Macho yameanza kurudi meupe. Siku nyingine ya kukatwa imeshapangwa. Itakuwaje, sijui, na hata wewe usijifanye unajua.

Haji nshamwambia aondoe uso wako. Anasema, "Ami, nna mzigo mzima ndani, niutie wapi?" Nikamwambia pa kuutia, akaona haya. Ubaya wake ni kwamba hajioni mbaya, anadhani anakuenzi. Nimekwenda kwa wakubwa wanaohusika na madawa, nimeandika jina langu, wamesema watakuja kutazama. Mpaka waje nna njia yangu. Kila asubuhi nakwenda dukani kwake, nasalimia, nachukua chupa, naanza kukubandua kwa ukucha. Hawezi kunifukuza, mzee nshazeeka na majirani wanatazama. Anasema, "Ami, jamani." Nasema, "Mtani nachukua changu." Chupa ikishabaki bila wewe, watu wanaigeuzageuza, wanauliza hii nini, wanairudisha. Leo wameirudisha watatu nikiwa pale pale.

Nyuso zako nimeziweka kwenye bati la biskuti hapa kibandani, chini ya msasa na gundi. Kuzitupa siwezi, na kuziangalia nyingi kwa pamoja siwezi pia. Nyote mnanitazama kama nimechelewa mahali.

Lala, Zuwena. Siri yako anaijua Asya, na sasa imeingia kwenye cherehani yake, haitoki. Siku yake ikifika ntakaa nje ya mlango na mkoba wake mapajani kama nilivyokaa na wako. Akitoka, amesema mwenyewe blauzi ya kwanza atajishonea, na ya pili atakushonea wewe, kwa vipimo vya zamani upande mmoja na vipya upande wa pili. Nilimuuliza ataivaa nani. Akaniambia ninyamaze.

Rafu ya juu kabisa dukani siifikii. Huko umebaki kama kumi hivi. Kesho nabeba ngazi.

Bwege wako,
Sule