Rupia Kumi Mbele ya Mzee Kansakar

Prabina, usicheke. Nakuomba usicheke kwanza.

Si unajua leo nilikuwa kwa Mzee Kansakar kumwomba rupia laki tano, shirika letu lisifungwe mwezi ujao? Skrini ya kompyuta yangu inaonyeshwa ukutani, kubwa, nami nawahubiria wakurugenzi wa kampuni yake: "Watu milioni wanaandika Kinepali kwa programu yetu ya bure, na hawachangii!"

Nikaanza kuandika jina lake kwa Kinepali niwaonyeshe inavyofanya kazi. Programu ikanirukia ukutani: "Umenitumia miaka sita. Hujachangia hata rupia moja."

Prabina, maneno hayo ya kuwakumbusha wasiochangia niliyatunga MIMI.

Mzee akaweka chai chini. "Sunayana, mwanangu, hata wewe?"

HATA WEWE! Nikatoa simu mbiombio, nikachanga ili tu ule ujumbe uondoke. Rupia kumi. Kumi!

Mzee akacheka mpaka akafuta macho. "Haya, mimi sina kinyongo. Ulichotoa wewe, natoa mara elfu."

Mara elfu, shoga! Ningetoa mia tano tu, laki tano ingekuwa mkononi!

Na pale ukutani, kwa herufi kubwa, maneno yangu mwenyewe: "Asante kwa ukarimu wako."