Salamu za Somo Yako

Mombasa,
Jumapili, baada ya ibada

Kwako ndugu yangu Karisa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana nakujua, hujawahi kusoma kitu ukakimaliza ukiwa umesimama. U hali gani? Unakula? Lile jeraha la mguu limepona ama bado unalifunga kwa kitambaa kichafu? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mungu, ila ni uzima wa kuchoka. Shemeji yako Ngowa yuko bandarini kama kawaida, mgongo wamuuma lakini hasemi. Sheryl anakusalimu. Tsofa ameanza kuota meno. Meno ni yake, kukesha ni kwangu.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani, na ikipatikana hupokewa na mtu mwingine aniitaye mathe. Mimi si mama yake, mwambie. Barua hii nimemwachia Jacinta, jirani yetu wa ghorofa ya chini, kwani huwezi kupita Bondeni usile mahamri yake.

Habari yenyewe ni kwamba tumehama. Ukipanda zile ngazi utakuta kufuli ya mtu mwingine.

Lo, Karisa, kuhama na watoto wadogo sikuombei! Ngowa alikodi mkokoteni, na mwenye mkokoteni akalalamika toka mwanzo hadi mwisho, utadhani kitanda ni chake na sisi ndio tunaomnyang'anya. Mtu mwenye akili zake alilitia jiko chini ya godoro, sasa godoro lina masizi upande mzima. Sheryl alikataa kutoka bila karai lake la kuogea, ikabidi alibebe kichwani njia nzima, watu wakimcheka naye akiwanunia. Vifuniko vya sufuria vimepotea vyote. Nilipofika nilikaa kwenye kizingiti na mtoto mgongoni nikalia kidogo, kisha nikatafuta kiberiti nipike.

Nyumba ni ndogo kuliko ile, na maji ya bomba yana chumvi. Lakini kumetulia. Watoto hucheza nje mpaka adhana ya magharibi, na hakuna mama anayetoka mbio kuwaita. Siku ya kwanza watoto wa jirani walipita wakikimbizana na kupiga kelele, mchezo tu, Sheryl akaingia chini ya meza na bakuli lake la uji. Nikamwambia atoke, ni mchezo. Akaniuliza nimejuaje.

Wajua alikojifunza hayo. Tangu wale vijana wa mapanga waanze kupita mtaani, alikuwa akisikia miguu inakimbia tu, yuko chini ya meza. Ngowa alisema zamani tuhame. Mimi ndimi niliyekataa. Nilimwambia kanisa liko karibu, Jacinta yuko karibu, shule iko karibu. Yote kweli, lakini sababu yangu ilikuwa wewe. Nilijiuliza, Karisa akija na njaa atakuta nini? Kila jioni nilikufunikia sahani, hata ulipokuwa huji wiki nzima. Ngowa aliiona, hakuiondoa. Shemeji yako ni mtu mzuri, usimchukie.

Sasa nikuambie habari za somo yako, na hapo ndipo mkono unaponiwia mzito.

Wakumbuka alivyozaliwa? Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake mzaa baba, na Ngowa alimtaka aitwe Thoya. Mimi nikashika lako. Niliwaambia wazee wa Ngowa kwamba mama alipokuwa shambani ni mimi niliyekubeba mgongoni nikiwa mtoto mwenyewe, kwa hivyo wewe ndiwe mwanangu wa kwanza na jina lako nalitaka ndani ya nyumba yangu. Walinuna, lakini waliniachia. Mkawa somo, wewe na yeye. Ulikuwa ukifika mlangoni huiti jina la mtu, unaita somo tu, naye anakuja mbio ameacha chakula. Alianza kutembea kama wewe, bega moja chini. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Alasiri moja mtoto alirudi kutoka shule amebeba kitu kirefu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akasema amepewa na vijana wa pale pembeni kwa duka akiweke chini ya kitanda mpaka askari wapite. Walimwambia mtoto hapekuliwi. Walimwambia pia ni mzigo wa somo yake. Basi akaubeba kwa fahari, jamani, akanihimiza nisiuguse.

Kabla sijaufungua nilishaijua leso iliyouzungushiwa. Ile ya kijani yenye michoro ya korosho, niliyoinunua Biashara Street alipozaliwa Sheryl. Doti ile niliikata mwenyewe, kipande kimoja nikakupa wewe ujifunike ulipokuwa ukilala sebuleni, kingine nikabaki nacho cha kubebea watoto. Na wakati ule Tsofa alikuwa mgongoni mwangu ndani ya hicho kingine. Nikafungua. Panga lilikuwa limenolewa, na leso ilikuwa na madoa. Sikuuliza madoa ya nini, maana mtoto alikuwa akinitazama.

Ngowa aliporudi kutoka kazini hakupiga kelele. Alilichukua lile panga akatoka nalo, akarudi mikono mitupu, na mpaka leo sijamuuliza alilipeleka wapi. Alisema neno moja tu, kwamba twahama. Safari hii sikubisha. Nikaanza kukunja nguo.

Jacinta anasema huenda vijana wale walilitumia jina lako tu na wewe hukujua. Nimelishika neno hilo, nalirudia nikifua, nalirudia nikinyonyesha, nimelirudia mpaka limechakaa. Lakini leso ilikuwa yako, Karisa. Nimechoka kukutetea mbele ya mume wangu, na nimechoka zaidi kukutetea ndani ya kichwa changu.

Kuna jambo moja bado, na nataka ulisikie kwangu, si kwa watu. Siku tuliyofika huku jirani aliuliza mtoto mkubwa aitwa nani. Ngowa akajibu, Thoya. Nilikuwa hapo hapo na karai mkononi, na kusema ningeweza. Nilinyamaza. Wale vijana wakija kumuulizia Karisa mdogo, mtaa huu hauna mtoto wa jina hilo. Mwanzo yeye mwenyewe alikuwa akikataa, anavimba. Sasa anaitika. Ila juzi, wakati wa kula, aliniuliza kama mtu aitwaye Thoya aweza bado kuwa na somo aitwaye Karisa. Nikamwambia ale chakula chake.

Umeona hapo juu nimeandika Mombasa tu. Jacinta usimsumbue, hajui tuliko. Anayejua ni mama. Nenda Kaloleni, mtazame usoni, ukae naye, ulime naye msimu mzima. Akiona umekuwa mtu wa kuingia penye watoto, atakuleta mwenyewe. Nakuomba uende. Nakuomba kama dada, na kama yule aliyekubeba.

Leso yako nimeifua, madoa hayakutoka yote. Nimeikunja juu ya kabati, haivaliwi na mtu. Msalimu mama ukifika kwake, umwambie Tsofa ana meno.

Huku wananiita Mama Thoya, na kila wakiniita mimi huchelewa kuitika.

Ni mimi dadako akupendaye,
Dama