Mstari wa Saba, Nyumba ya Bibi Alma

Barabara ya Kinu,
Lindby, Minnesota.
9 Machi 2023

Mpendwa Ardis, mdogo wangu,

Hujambo huko Alaska? Goti lako linasemaje na baridi hiyo? Mimi mzima, ila macho yamechoka kwa mwandiko wa makarani wa sensa, na mume wangu Orrin ananicheka: "We Verna, waache wafu wapumzike, njoo unywe kahawa!" Theluji bado imejaa hadi dirishani.

Uliniomba nikutafutie mstari wako katika sensa ya 1950, uingie kwenye kitabu cha ukoo. Najua ulivyoumia miaka yote hii ukisema nyumba ya Bibi Alma ilikulea lakini haikukuhesabu. Ukurasa nimeupata. Kaa chini kwanza.

Unaujua utaratibu wangu: kila jina naliandikia lilikotoka, yaani mwaka, kata, karatasi, mstari, na nani aliyejibu maswali. Naandika kilichoandikwa, si ninachokitaka. Basi nilianza na 1930, nyumba ya Bibi. Mstari wa saba: Signe, binti, miaka sita. Ndiye yule mtoto wa Bibi aliyetumbukia kisimani akafa Novemba ya mwaka uleule.

1940, nyumba ileile: Signe, binti, miaka sita. Nikasema maskini Bibi, alishindwa kumtoa kinywani. Lakini mwaka ule karani alitia msalaba ndani ya duara kwenye jina la aliyemjibu. Alama haipo kwa Bibi. Ipo kwa Signe. Ardis, niliogopa, nikazima kompyuta nikaenda kukaa karibu na Orrin.

1950: Babu, Bibi, mimi mwenye miaka minane. Halafu Signe, miaka sita. Wewe hukuandikwa.

Hapo nikakumbuka siku karani alipokuja. Wakubwa walikuwa shambani wakipanda viazi. Mimi, mwoga wa wageni, nilijificha nyuma ya jiko. Wewe ukafungua mlango. Yule bwana akauliza, "Haya binti, unaitwa nani?" Uligeuka kwanza ukatazama ngazini, kama mtu anayesubiri kuambiwa, ndipo ukajibu kwa sauti ndogo. Sikulisikia jina. Na jina la Signe halikutajwa nyumbani mle hata siku moja. Mimi mwenyewe nililijua nikiwa na miaka ishirini, kwenye daftari la kanisa.

Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa tarehe ishirini. Nimeandika hivi: "Signe, miaka sita. Aliyejibu: Ardis, mtoto wa nyumba hii. Shahidi: Verna." Kwa hiyo umo, mdogo wangu, na hakuna atakayekufuta.

Orrin anakusalimu, na binti yetu Karin pia. Nisalimie shemeji Dale. Mungu akulinde uingiapo na utokapo.

Ila nijibu upesi, kwa mkono wako mwenyewe: pale ngazini alisimama nani? Nauliza kwa ajili ya kitabu tu.

Dada yako asiyekusahau,
Verna