Mama Tryphena Apiga Simu Redioni

Safaa, uko? Sijui hata nianzie wapi. Tryphena wetu yamemkuta leo redioni, Voi nzima ikisikiliza.

Alikuwa anasoma hali ya hewa ya wiki, ileile ya wiki iliyopita. Jua kali, upepo, hakuna mvua. Unajua alivyochoka kuisoma. Sokoni wamama wanamwangalia ni kama yeye ndiye amefunga mvua.

Akafungua simu za wasikilizaji. Wa kwanza akasema, "Tryphena, ni mama yako, niko Kasigau."

Mamake, Safaa. Hewani.

"Wacha hiyo ya redio. Niambie wewe mwenyewe, nipande pojo ama nisipande?"

Tryphena akaisukuma kando ile karatasi ya hali ya hewa. Halafu akasema polepole, "Usipande, mama."

"Basi hii mbegu tutapika."

Mbegu, Safaa. Alisema hivyo tu, bila kulalamika. Halafu akauliza, "Na wewe umekula?"

Tryphena akasema amekula. Nimekuwa naye studio tangu asubuhi na hajaonja hata chai.

Akaweka wimbo, akavua hedifoni, akainamia meza. Wimbo ukaisha, na sisi wote tukashindwa kuweka mwingine.