Mama Hakusikia Njaa

Mama yangu,

Ni mimi, Zaina. Baba ametoa kitanda chenu chumbani, analala juu ya mukeka. Anasema kitanda kimekuwa kipana.

Kila nikipakua chakula nakuona wakati wa vita, kule porini tulikokimbilia. Ulichemsha majani ya muhogo bila chumvi, ukatugawia sisi watoto, kisha ukafunika sufuria. "Kuleni, mimi sina njaa." Tulikuwa wadogo, tukaamini. Ni Baba njo alituambia tulipokua kwamba ulikuwa unajifunga kitambaa tumboni ili upate usingizi.

Vita ikaisha, tukarudi kwetu Mikelenge, ukanenepa, tukafurahi. Halafu ugonjwa wa sukari. Muuguzi alikufundisha kujichoma sindano ya kushusha sukari: "Mama, ukishachoma, kula." Lakini wajukuu wakikutazama tu, sahani yako ilikuwa yao. Mara nyingi ulitetemeka, ukanywa chai, ukacheka, yakapita.

Asubuhi ile ulichoma sindano, ukawapa wajukuu wali wako wote. Nikakusogezea muhogo. Ukasema, "Sina njaa, Zaina." Nikaenda kuchota maji.

Niliporudi ulikuwa umeshika mlango, nguo zimelowa jasho. "Wanakuya. Beba wadogo zako, tuingie mupori." Mama, wadogo zangu wana ndevu sasa. Nilikunywesha chai ya sukari, ikamwagika kifuani. Meno yalikuwa yameumana. Tukakupandisha pikipiki, mimi nyuma yako nimekukumbatia. Kabla ya kufika zahanati ya Kasuku ukawa mzito. Nilijua. Sikumwambia dereva.

Majirani walisema ni mapepo ya vita. Baada ya matanga nilimwendea muuguzi. Akanieleza taratibu kwamba ubongo unaishi kwa sukari ya damu, nao hauna akiba. Sukari ikishuka, ubongo unapiga kelele: njaa, jasho, kutetemeka, ili mtu ale upesi. Ikishuka mara nyingi, ubongo unazoea. Kelele zinapungua, zinachelewa. Njaa haiji, na mtu anapotea katikati ya maneno yake.

Basi siku ile hukunidanganya. Miaka yote ulisema huna njaa ukiwa nayo, na siku ulipokuwa huna kweli...

Nilikaa chini pale nje ya zahanati. Watu walipita.

Mama mudogo Asha, mdogo wako, naye yuko na sukari sasa. Nimemleta hapa nyumbani. Wajukuu nawapikia chao mapema. Yeye akishachoma sindano nakaa mbele yake mpaka sahani iwe tupu, aseme ana njaa au aseme hana. Anakasirika. "Unanifanya mutoto, Zaina." Na akasirike. Ana mdomo kama wako, nikimtazama anavyotafuna inabidi nigeuke ukutani kidogo.

Mola akulaze pema, Mama. Ijumaa nitakuja kukung'olea majani kaburini. Na huyu mdogo wako, nakuahidi: atazeeka mbele ya macho yangu.

Mwanao,
Zaina