Sharti la Tisa

Nyumba ya uani, nyuma ya ukumbi,
S.L.P. 418.
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako asiyejua kuongea kwenye simu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, au bado unakuuma kwa kuwainua wagonjwa? Ulisema baridi ya huko inaingia mpaka kwenye meno, natumaini umeshapata koti la maana. Sisi huku ni wazima. Shangazi ana goti lake lile lile, lakini anapanda ngazi akilitukana na goti linatii.

Najua umeshangaa kuona barua. Juzi ulipopiga simu uliniuliza habari za huku, nikajibu nzuri. Ukauliza shule, nikajibu nzuri. Shangazi akaninyang'anya simu akisema, "Huyu hata nyumba ikiungua atasema nzuri." Dada, haikuwa nzuri. Nimemkosea Shangazi, mama yako mzazi, na nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwingine. Kwenye karatasi naweza. Mdomoni maneno yananikwama, unanijua.

Ulipoondoka, chumba cha mbele kilikuwa bado stoo ya magunia. Ungekiona sasa! Ni ukumbi wa vinywaji, una meza tisa, kaunta ya mbao, na jokofu linalonguruma kama mtu mwenye kinyongo. Mhudumu ni yule jirani mrefu, siku hizi wanamwita Kizibo kwa sababu anafungua chupa huku anatazama pembeni na hajawahi kukosea. Kwenye leseni ndiye msaidizi wa mama yako.

Hiyo leseni ndiyo iliyonileta hapa. Ilikuja na muhuri na kurasa mbili za masharti, zote kwa lugha ya ofisi. Mama yako anasoma Kiswahili, polepole, kwa kidole. Ile lugha nyingine ni ya shuleni kwangu, kwa hiyo kazi ya kusoma ikawa yangu. Nilimsomea jikoni anamenya vitunguu. Nilikuwa nasoma sharti moja kimoyomoyo, kisha namtolea kwa Kiswahili, naye kila mara anauliza, "Kwa nini?"

Sharti la pili lilisema mlango mkuu ufunguke kwa nje. "Kwa nini kwa nje? Mgeni anakuja ndani." Nikamweleza kwamba moto ukizuka watu wote wataukimbilia mlango, na kama unafunguka kwa ndani wataubana kwa miili yao wenyewe usifunguke tena. Akaweka kisu chini.

"Nani aliyefikiria hivyo?"

"Serikali, Shangazi."

"Serikali haina macho. Huyo ni mtu. Kuna mtu alikaa mahali, akawaona watu wangu wakisukumana kabla mimi sijapata hata mteja mmoja."

Dada, nywele zilinisimama. Nilikuwa naiona ile karatasi kama mtihani mwingine tu wa ufahamu. Tangu siku ile naiogopa kwa namna nzuri, kama mtu anavyoogopa kuingia mahali pa ibada na viatu. Mtu asiyetujua kabisa amefikiria bomba letu, choo chetu, saa yetu ya ukutani, hata mlevi wetu, maana sharti moja linasema aliyekwisha kulewa asiuziwe tena, hata akiomba kwa machozi.

Fundi seremala, mteja wa meza ya pili, ndiye aliyeugeuza mlango. Jioni ile ile akaja kunywa, Kizibo akatoka kumwaga maji, mlango ukampiga fundi katikati ya paji. "Shangazi, leseni yako imeanza kuua!" akapiga kelele. Mama yako akamjibu, "Haijaua, inakusalimia. Nani mwingine aliyeugeuza mlango?"

Sasa nifike penyewe.

Sharti la tisa, Dada, ninalo kichwani mpaka leo: mtu yeyote aliye chini ya miaka kumi na minane asikae wala kufanya kazi katika chumba cha kuuzia vileo, hata akiwa mtoto wa mwenye leseni. Nina kumi na sita. Macho yangu yalifika pale yakasimama. Shangazi akasema, "Haya, la tisa." Nikakohoa. Nikasoma la kumi, la maji safi, nikaliita la tisa. Yakawa kumi na matatu badala ya kumi na manne, na vitunguu vikaendelea kumenywa.

Utaniuliza kwa nini. Chumba cha nyuma kina kimya, na mimi nina kimya changu, vikikutana siwezi kupumua. Ukumbini nilikuwa na kreti langu la kupindua mwisho wa kaunta. Nilifanya hesabu zangu pale kila alasiri, huku wanabishana kuhusu mpira, kuhusu wake zao, kuhusu nani alikuwa wa kwanza kununua redio mtaa huu. Hakuna aliyenitaka niseme kitu. Sikuwahi kuonja hata tone, hilo naapa. Nilikuwa nakunywa maneno yao tu. Na hakuna mtu anayekwenda baa kusoma leseni iliyotundikwa ukutani, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Lakini mama yako aliyachukua yale kumi na matatu kama dawa. Kila sharti alilipatia mahali pake. Asubuhi akifagia anapita ukumbini akigusa kitu na kutamka: mlango, la pili. Kizima moto, la tatu. Saa, la tano, tusiuze kabla wala baada ya muda. Bomba, la tisa. Nilikuwa nikimsikia nikifunga viatu vya shule, na kila akigusa bomba nafungua kamba nianze upya.

Mkaguzi alikuja mwezi wa sita, saa kumi alasiri. Ni mwanamke mfupi, viatu vya raba, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni kama fundi cherehani. Alipima vyoo, alifungua bomba akayanusa maji, alisukuma mlango mara tatu. Akasema hajaona ukumbi mdogo uliotunzwa namna hii. Kizibo akatabasamu mpaka magego. Halafu mkaguzi akageuka akaniona kwenye kreti na sare yangu.

"Na huyu?"

"Huyo ndiye msomaji wangu," mama yako akajibu, kwa fahari, Dada, kwa fahari! "Kumi na sita tu, na ana akili kama wembe."

Mkaguzi akaandika. Aliandika muda mrefu.

Barua ya wito ikaja baada ya wiki: mwenye leseni afike mbele ya kamati kujibu kuhusu kuvunja sharti la tisa, na leseni inaweza kufutwa. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilimsomea yote kama ilivyoandikwa, sikubadilisha neno, nikitumaini ukweli utajisema wenyewe. Shangazi akasema, "La tisa? Maji?" Akamwita fundi bomba siku ile ile, akang'oa bomba zima lisilo na kosa lolote, akaweka jipya. Nilisimama mlangoni naangalia bomba linang'olewa kwa ajili yangu.

Siku ya kikao tuliingia chumba kirefu chenye meza yenye kitambaa cha kijani. Watu watano, na karani pembeni. Mwenyekiti ana miwani ya kamba. Akauliza kwa upole, "Mama, unalijua sharti la tisa?"

"Nalijua. Maji safi yawepo saa zote za kazi. Na bomba langu ni jipya, Mwenyekiti, njooni mlionje."

"Hilo ni la kumi, mama."

"Kwangu ni la tisa. Labda karatasi yenu imekosewa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akamuuliza kama anayajua na mengine.

Dada, ninayokueleza sasa niliyaona kwa macho yangu. Mama yako alifumba macho. Akanyoosha mkono, akaanza kutembea ukumbini kwake akiwa amesimama palepale. Mkono uligusa hewa mahali pa mlango, akalisema la pili. Ukageuka kidogo kwenye kizima moto, la tatu. Ukapanda juu kwenye saa. Ukashuka kwenye kaunta, kwenye glasi za kipimo zenye mstari, kwenye ubao wa idadi ya watu. Karani alifuata kwa kalamu kwenye karatasi yake, na kalamu haikusimama popote isipokuwa mahali pamoja. Kicheko kilikwisha. Nilihisi kama ukumbi wetu wote umeingia mle chumbani, na meza zake, na jokofu lake lenye kinyongo. Sijawahi kuona mtu akibeba kitu kizito hivyo bila kukishika.

"Hayo ndiyo kumi na matatu," akasema, akafumbua macho.

"Ni kumi na manne, mama."

"Hapana, baba. Mtoto wangu alinisomea yote. Mtoto wangu haruki."

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Darasani mwalimu akiniita huwa nasema sijui hata kama najua. Nikasema, "Nililiruka."

Mwenyekiti akashusha miwani. "Kwa nini?"

"Kwa sababu lilikuwa linanihusu mimi."

Mjumbe mmoja mwenye suti ya kahawia akasema kesi imekwisha, leseni ifutwe, mtu hawezi kuuza pombe kwa sheria ya kusomewa na watoto. Mama yako hakunitazama. Akasogea mbele, akaweka kiganja juu ya kile kitambaa cha kijani. "Saini iliyopo pale ni yangu," akasema. "Mtoto hajatia saini. Kama kuna wa kuadhibiwa, mkono ni huu."

Walitutoa nje kwenye benchi. Tulikaa. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa. Walipotuita, mwenyekiti akasoma uamuzi: ukumbi ufungwe siku kumi na nne. Ndani ya siku hizo ujengwe ukuta na mlango kati ya uani na ukumbi. Mimi nisivuke mlango huo mpaka nitimize umri. Na masharti yote kumi na manne yaandikwe kwa Kiswahili na kutundikwa kando ya leseni, mwenye leseni ayasome kwa macho yake mwenyewe. Leseni ibaki.

Njia nzima hakunigombeza. Ni heri angenigombeza, Dada, maana anapogomba unajua mwisho uko wapi. Tulipofika aliingia jikoni, akachukua vitunguu na kisu, akaketi palepale pa siku ile. "Lisome," akasema. Nikalisoma la tisa, lote. Akauliza kama kawaida yake, "Kwa nini?"

Mwaka mzima nilikuwa nimelichukia lile sharti kama mtu aliyenifungia nje kwenye mvua. Nikafikiria. Nikakumbuka yule mteja wa Jumamosi aliyekuwa ananipa pipi, kila mara kiti chake kinasogea karibu na kreti langu, na mimi, kwa aibu yangu, sikuwahi kumwambia mtu. Usishtuke, Dada, hakuna lililotokea. Lakini nilimweleza Shangazi hapo hapo, kwa mara ya kwanza. Halafu nikasema, "Nadhani yule mtu aliyeufikiria mlango, alinifikiria na mimi."

Akaweka kisu chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na vitunguu bado havijamenywa.

"Basi alikuona kabla yangu," akasema. Kisha akanivuta akanikumbatia kwa nguvu mpaka kifungo cha sare kikatoka. Yule mteja hakai tena kwetu. Kizibo alimwonyesha mlango unavyofunguka kwa nje.

Seremala alijenga ukuta kwa siku tisa, akinung'unika kwamba kila nikijifunza sheria mpya yeye anapigishwa misumari. Mimi niliandika masharti kwenye karatasi kubwa, mwandiko wangu mzuri kuliko wote, mara mbili kwa sababu ya kwanza nililia juu yake. Shangazi akayasoma kwa kidole, la kwanza mpaka la kumi na nne, ilimchukua karibu saa nzima. Kisha akaitundika. Siku ya kufungua, nikiwa upande wangu wa mlango, nilimsikia seremala akiyasoma kwa sauti kwa meza zote tisa, na watu wakanyamaza kumsikiliza. Mimi ambaye sijawahi kusoma mbele ya darasa! Nimebakiza mwaka mmoja na miezi saba kabla ya kuvuka, lakini mwandiko wangu umekaa mle ndani kila siku na watu wanautii.

Siku hizi hesabu nazifanyia jikoni, Shangazi akija kukaa nami kila akipata nafasi. Tunaongea. Kidogo, lakini tunaongea.

Nisalimie shemeji, na umwambie mtoto wenu kwamba mama yake mdogo atamshonea kofia. Babu anakusalimu, masikio yamekuwa mazito lakini jina lako analisikia. Kizibo na seremala wanasema uje uone mlango, ila usimame mbali kidogo. Mungu akulinde kwenye zamu zako, akufungulie kila mlango kwa upande unaofaa.

Nafunga sasa, kumekucha na sare yangu bado haijapigwa pasi. Mama yako yuko ukumbini anafagia. Namsikia anagusa na kutamka, mlango, kizima moto, saa. Sasa anakuja huku. Anafika kwenye mlango mpya, na kiganja chake kinagonga ubao upande wa pili, paa! La tisa, anasema. Na mimi huku naweka changu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninaponyamaza,

Msomaji wa Shangazi