Ushanga Mmoja Katikati ya Uwanja

Jumatatu, 12 Mei
Maziwa ya ngamia yamefika saa nne. Ya jerikeni moja yameganda. Nimezunguka mtaa wote wa Wabera nikiuza yaliyobaki, miguu inauma. Mwanangu Talaso amerudi saa kumi na mbili tena. Darasa lake linatoka saa kumi. Viatu vumbi tupu. Eti "mambo ya shule, Mama". Mambo gani?
Nikifua sketi yake nimepata ushanga mwekundu mfukoni. Mmoja tu, mdogo sana, umefungwa kwa karatasi kama dawa. Nimeurudisha.

Jumanne, 13 Mei
Sijalala vizuri. Majirani zetu Wasamburu, kijana akimtaka msichana alikuwa anamletea shanga. Wengi wameacha. Si wote. Nani amempa mtoto wangu? Ana miaka kumi na sita.
Nimemwambia Mama Kendi wa duka. Akacheka. "Wee Mama Talaso, ushanga mmoja? Huyo bwana ni mkono birika kabisa!" Sikucheka.
Jioni nimeangalia ile karatasi. Sasa ina mchoro. Duara kubwa, nukta katikati, mstari kutoka kwa nukta mpaka nje. Mita 100. Maneno ni ya Kizungu, mimi niliachia darasa la tatu. Lakini ramani naijua. Hapo ni mahali pa kukutana.

Jumatano, 14 Mei
Nimemuuliza wazi. Unakuwa wapi?
"Uwanjani. Tunapima."
Mnapima nini?
"Kitu hakionekani, Mama." Akacheka peke yake.
Ananiona mjinga. Imeniuma sana.

Alhamisi, 15 Mei
Nimempigia kaka yangu aliye kule Sericho. Hakuuliza mara mbili. Akasema, mlete Jumamosi na lori, shule imemtosha, nitamtafutia mume mwenye heshima. Nikasema sawa. Kwa nini nilisema haraka hivyo?
Nimepanga nguo zake kwa begi, nikasukuma chini ya kitanda. Yeye alikuwa anaimba akiosha vyombo.

Ijumaa, 16 Mei
Leo nimemfuata. Nimesimama kwa ua wa shule, buibui langu limenasa kwa miiba. Nilitaka kumwona huyo mtu kwa macho yangu.
Talaso aliweka jiwe katikati ya uwanja, juu yake akaweka ule ushanga. Halafu yeye na rafiki yake Nkirote wakaondoka na kamba, wakihesabu. Wakapita goli. Wakaendelea. Nikangoja. Hakuja mtu.
Nikaingia. Nikauliza, yuko wapi?
"Nani, Mama?"
Aliyekupa ushanga!
Nkirote akaziba mdomo. Talaso akasema hakupewa na mtu. Aliununua sokoni mwenyewe, alitaka mdogo kabisa, milimita mbili. Jumatatu wataonyesha darasa zima.
Akamrudisha Nkirote mwisho wa kamba, akanipeleka kwa jiwe, akanieleza. Kila kitu kimejengwa kwa atomu. Jiwe, maziwa, mimi. Katikati ya atomu kuna kiini. Kama kiini ni huu ushanga, basi mwisho wa atomu ni pale anaposimama Nkirote, mita mia. Pande zote hivyo. Atomu ni kubwa kama mara laki moja kuliko kiini chake, na karibu uzito wote uko kwa kiini.
Na hapa kati ya ushanga na Nkirote kuna nini?
"Elektroni tu. Kwingine ni nafasi tupu."
Sikuamini. Nilitembea kutoka kwa ushanga mpaka kwa Nkirote. Hatua mia na thelathini na nne. Nikigeuka hata jiwe lenyewe silioni vizuri. Nikamwambia, kama ni tupu, mbona sizami kwa ardhi?
"Hata mimi nilimuuliza mwalimu hivyo hivyo!" Elektroni zinasukumana, mwalimu alimwambia, hazikubali kupitwa. Uso wake uling'aa. Sijawahi kumwona hivyo.
Mbona hukuniambia?
"Ungesema naenda shule kucheza."
Ningesema. Kweli.
Tumerudi pamoja tukicheka. Halafu akatafuta shuka chini ya kitanda, akaona begi. Akafungua. Nguo zote. Aliuliza mara moja tu, "Unanipeleka wapi?" Nikamwambia, maana kudanganya ningeshindwa. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumamosi, 17 Mei
Lori limepiga honi nje saa moja. Nimetoka peke yangu, nimemwambia dereva aende. Kaka amepiga simu akifoka. Mtoto akiharibika usinililie. Nikamwambia mtoto anasoma, haendi popote, na kosa ni langu. Akakata. Sijuti.
Talaso alikuwa mlangoni. Alisikia. Ameenda kuchota maji.

Jumapili, 18 Mei
Mvua kidogo asubuhi. Maziwa yametosha. Talaso ananijibu ndiyo na hapana tu, siku ya pili sasa. Mchana alitandika mkeka, akafungua daftari. Nikasimama hapo na kikombe chake cha chai. Nikamuuliza, hizo elektroni, zenyewe ni ndogo namna gani?
Hakuinua kichwa. Aliandika mpaka mwisho wa mstari.
Halafu akasogea, nikapata pa kukaa.